Shangazi, warsha ya dansi imeniachia goti bovu na sauti tatu mwilini

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 27. Nimecheza dansi tangu utotoni, ila sijawahi kukanyaga chuo cha dansi. Nilijifunza kwa kuwatazama wakubwa, baadaye nikaingia kwenye kikundi, na huko tunafundishana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka jana nilipata nafasi kwenye warsha ya wiki mbili ya zile mbinu kongwe za dansi ya kisasa ambazo kila mtu husema ndizo mizizi. Kila mbinu inaitwa kwa jina la mwanzilishi wake: asubuhi tulikuwa na Graham, mchana Limón, jioni Cunningham, na Jumamosi zote mbili tukapewa Horton. Saa sita za mazoezi kila siku.

Mwalimu wa Graham alitutaka tukaze, tumbo liingie ndani mpaka mgongo uwe kama upinde, na tusilegee kabla hajasema. Tukipumzika kidogo tunaingia kwa mwalimu wa Limón, naye ananishika bega: "Mbona umejifunga hivi? Achia. Kichwa kina uzito, kiache kianguke." Ikifika jioni, wa Cunningham hataki kukaza wala kuanguka. Anataka mgongo uende huku na mguu uende kule, kila kimoja na kazi yake, uso umetulia. Usiku nilikuwa nalala na sauti tatu mwilini.

Siku ya nane, tukiwa tumekaa chini katika ile nafasi ya nne ya Graham, mguu mmoja umekunjwa mbele na mwingine nyuma, goti la mguu wa nyuma lilianza kunichoma upande wa ndani. Nilinyamaza. Kila mtu alikuwa anaumwa mahali, nikaona aibu kuwa wa kwanza kusema. Siku mbili baadaye mwalimu mmoja akanisimamisha mbele ya darasa zima na kusema mwili kama wangu ulipaswa kuanza nikiwa na miaka kumi, sasa umeshakomaa vibaya. Nilimaliza darasa, nikaenda kulia bafuni.

Lakini kuna jambo jingine, na ndilo linalonisumbua zaidi. Siku ya tano asubuhi, kwenye zile pumzi za mwanzo za Graham, nilitoa pumzi na mgongo wangu ukafanya kitu ambacho sikuuamuru. Ulijikunja wenyewe kutoka chini kabisa, kama umeitwa. Ilidumu sekunde chache. Tangu siku hiyo nimejaribu kuurudia mwendo ule nyumbani na sijaupata.

Nilirudi na daftari limejaa majina ya mazoezi. Mwezi mmoja baadaye hata majina yenyewe sikujua yanahusu nini. Wenzangu kwenye kikundi wananiambia hizo ni dansi za marehemu, siku hizi kila mtu anacheza anavyotaka. Sasa nimekubaliwa kwenye warsha nyingine ya wiki tatu, mbinu zote nne tena. Zimebaki wiki nane. Nusu ya ada nimeshalipa, nusu bado. Goti halichomi kila siku, ila nikichuchumaa linanikumbusha.

Niende, Shangazi? Au nikubali kwamba nimechelewa?

Mimi, Sauti Tatu


Marahaba, mwanangu.

Nianze na goti, maana hayo mengine yanaweza kusubiri na hilo haliwezi. Kabla hujalipa ile nusu iliyobaki, nenda kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Usiishie kumwambia "goti linauma." Kaa chini mbele yake, mwonyeshe nafasi ya nne yenyewe, na umwambie maumivu yako upande gani na yalianza siku ya ngapi. Likivimba, likikwama ukilikunjua, au likikuachia ghafla unaposhuka ngazi, acha mazoezi siku hiyo hiyo. Maumivu ya misuli baada ya darasa jipya ni kitu kingine kabisa: huenea kwenye mnofu, hukua siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Ya kwako yalikaa sehemu moja, kwenye kiungo, na hayajaondoka hadi leo. Huo si uchovu.

Nitakueleza kwa nini nafasi ile ilikuumiza, ili usidhani ni udhaifu wako. Goti ni kama bawaba ya mlango, kazi yake ni kukunja na kukunjua. Kuzunguka ni kazi ya nyonga. Ukikaa katika nafasi ya nne, mguu wa mbele unazungushwa nje na wa nyuma unazungushwa ndani, na mzunguko wote huo unatakiwa utoke nyongani. Nyonga ikikataa, mwili hautamwambia mwalimu hapana. Utautafuta mzunguko mahali pengine, na mahali pa karibu ni goti. Nyonga za watu hazikuumbwa sawa. Nyingine hazitafungua kiasi hicho hata ukizinyoosha miaka kumi, kwa sababu ndivyo mfupa ulivyokaa.

Na kumbuka mbinu hii ilizaliwa kwenye miili gani. Martha Graham aliunda kundi lake mwaka 1926, na kwa miaka kumi na zaidi lilikuwa la wanawake peke yao. Mwanaume wa kwanza, Erick Hawkins, aliingia mwaka 1938. Mazoezi yale ya sakafuni yalikua kutoka mwili wa Graham mwenyewe na miili ya wanawake waliokuwa naye, hayakutoka katika kitabu cha tabibu. Kwa hiyo usione haya kuweka blanketi iliyokunjwa chini ya kalio la upande wa mguu wa mbele. Kiuno kikiinuka kidogo, nyonga hupata nafasi na goti hupumua. Mwalimu anayejua kazi yake atakuletea blanketi kabla hujaomba. Akikukataza, kaa umenyoosha miguu ufanye kazi ya mgongo tu. Mgongo ndio unaofundishwa pale, miguu ni kikalio chake.

Sasa zile sauti tatu.

Mwanangu, hukuchanganyikiwa. Ulisikia sawasawa. Uliingizwa katikati ya mabishano ya watu waliojuana, na hakuna aliyekuambia wanabishania nini. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, nawe ulikuwa nyasi kwa wiki mbili, chini ya fahali watatu.

Graham na Doris Humphrey walitoka nyumba moja, shule ya dansi ya Denishawn iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1915 na Ruth St. Denis na Ted Shawn. Wote wawili waliondoka, Graham mwaka 1923 na Humphrey mwaka 1928, na baadaye kila mmoja akaachana na dansi ya mavazi mazuri na nchi za mbali za kubuni. Kila mmoja akajiuliza upya: mwendo unaanzia wapi? Graham akajibu kwamba unaanzia kwenye pumzi na kiuno. Mtu akilia kwa uchungu, au akicheka sana, katikati ya mwili hukaza kwanza, mikono na miguu hufuata. Ndiyo asili ya kule kukaza na kuachia. Humphrey akatazama kwingine, akaona kwamba kusimama wima ni kupambana na mvuto wa ardhi kila nukta. Ukisimama tuli kabisa hakuna dansi, ukishalala chini hakuna dansi, na dansi yote imo katika safari ya kati ya hizo mbili. Hiyo ndiyo kuanguka na kuinuka. José Limón alikuwa mwanafunzi wake. Alianzisha kundi lake miaka ya 1940, na Humphrey, ambaye wakati huo nyonga ilikuwa imemlazimisha kuacha kucheza, akawa kiongozi wa sanaa wa kundi hilo. Kwa hiyo mwalimu wako wa mchana alipokuambia uachie, hakuwa anakukosoa kwa kujifunga. Alikuwa anajibu swali lile lile kwa jibu la Humphrey.

Halafu akaja Merce Cunningham. Huyu alicheza katika kundi la Graham tangu 1939 hadi 1945, akazijua zile hisia zote kutoka ndani, kisha akatoka na kuuliza: kwa nini mwendo ulazimike kumaanisha huzuni au furaha? Kwa nini usiwe mwendo tu? Mwaka 1953 akaunda kundi lake kule Black Mountain College, chuo kimoja cha Marekani, na pamoja na mwanamuziki John Cage wakatunga dansi na muziki kila kimoja upande wake, vikakutane jukwaani. Ndiyo maana darasa lake huanza umesimama, mgongo ukifundishwa kukunjama, kupinda nyuma, kujisokota na kuinama upande huku miguu ikiendelea na shughuli zake. Uso wako ulitakiwa kutulia kwa sababu hiyo, na mtu angetumia dakika tano kukueleza hivyo ungelala usingizi mzuri.

Horton ulimpata kwa siku mbili tu, nami naona hapo waandaaji walikosea, maana kwa mtu asiyepita chuoni yeye ni mlango mzuri sana. Lester Horton alifanya kazi Los Angeles, mbali na New York, na alitaka mwili ulionyooka, wenye nguvu, usiobeba alama ya mtunzi mmoja. Ule mgongo bapa, kiwiliwili kikiinama kutoka nyongani mpaka kiwe sambamba na sakafu kama meza, huonyesha ukweli haraka. Misuli ya nyuma ya paja ikiwa mifupi, mgongo utavimba kama nundu na kila mtu ataona, wewe wa kwanza. Horton alifariki mwaka 1953 akiwa na miaka 47. Mbinu ikabebwa na wanafunzi wake, miongoni mwao Alvin Ailey na James Truitte, kutoka mwili hadi mwili. Ailey aliunda kundi lake mwaka 1958, na shule yake inaendelea kufundisha Horton hadi leo.

Hilo ndilo jibu la wenzako wanaosema ni dansi za marehemu. Waliozianzisha wamefariki, kweli. Cunningham alifariki mwaka 2009 na kundi lake likafunga kazi tarehe 31 Desemba 2011, kwa mpango alioukubali mwenyewe akiwa hai. Lakini darasa lake bado linafundishwa, na kundi la Graham bado linapanda jukwaani. Na huyo anayesema anacheza anavyotaka, mtazame vizuri anapoanguka sakafuni na kujirusha juu bila kutumia mikono: ana deni kwa Humphrey hata kama hajawahi kusikia jina lake. Wala usiwadharau wenzako kwa hili. Waonyeshe zoezi moja, mjaribu pamoja.

Kuhusu kuchelewa, nitasema kwa ukali kidogo. Mwalimu aliyekusimamisha mbele za watu alifanya vibaya, na alilosema linapingana na historia ya kitu anachofundisha. Graham aliingia Denishawn mwaka 1916 akiwa na miaka 22. Limón alifika New York mwaka 1928 akiwa na miaka 20 akitaka kuwa mchoraji, akaanza dansi baada ya hapo. Mbinu hizi zilijengwa na watu wazima, juu ya miili ya watu wazima. Baleti ina sababu zake za kutaka watoto. Dansi ya kisasa ilianzishwa na watu wengi waliochelewa. Siwezi kukuahidi kwamba kundi kubwa litakuajiri ukifika miaka 30, hilo lina mambo mengi ndani yake. Ila uwezo wa kujifunza unao, na tena una kitu ambacho wanafunzi wengi wa vyuoni hukitafuta kwa shida: umezoea kukanyaga ardhi, na umezoea kujifunza kwa macho.

Basi, uende?

Nenda, goti likiruhusiwa. Lakini usiende kama ulivyokwenda. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe umepewa nne. Chagua mbinu moja iwe nyumba yako kwa wiki zote tatu, nyingine uziendee kama mgeni. Na nyumba yako ni Graham, umeshanitajia mwenyewe bila kuulizwa. Mgongo uliojikunja wenyewe siku ya tano haukuwa bahati. Ulikuwa umechoka kiasi cha kuacha kujilazimisha, lakini hujachoka kiasi cha kuvurugika, na pumzi ikapata njia. Nimefundisha miaka mingi, nimeona watu wakimaliza warsha nne bila kufika pale. Wewe ulifika asubuhi ya tano, na bado mtu akakuambia mwili wako umekomaa vibaya. Inaniuma kusoma hivyo.

Kuwa mgeni maana yake ni hii. Darasa la asubuhi unafanya kwa nguvu zako zote. Mchana kwa Limón unacheza kwa kiasi, ukitumia uzito wa kichwa na mikono kulegeza kile ulichokaza asubuhi. Hizi mbili zinasaidiana vizuri zikipangwa hivyo. Darasa la Cunningham lina kazi nyingi ya kusimama mguu mmoja na kuruka kwa kasi, na mwisho wa siku vigimbi na kano ya kisigino huwa vimechoka. Wiki ya kwanza fanya ile sehemu ya mwanzo ya mgongo, kisha kaa pembeni utazame na kuandika. Waandikie waandaaji mapema kwamba una goti linalouguzwa na ungependa kupanga hivyo. Wakisema lazima kila darasa kwa nguvu zote bila mjadala, ningesita kulipa nusu ya pili. Hiyo ya kwanza itakuwa imepotea, na goti bado utakuwa nalo.

Waulize pia jambo moja kuhusu kila mwalimu: alijifunza kwa nani, na kwa muda gani? Mbinu hizi zimepita mkononi kwa mkono, kwa hiyo ukoo wa mwalimu si swali la utovu wa adabu. Mwalimu mzuri wa Graham atakutajia walimu wake kwa furaha mpaka umchoke. Anayejibu kwamba amejifunza hapa na pale, muulize tena kwa upole.

Hizo wiki nane ulizo nazo, usizitumie kujinyoosha tu. Mtu anayeingia warsha akiwa laini lakini hana nguvu ndiye anayeumia. Jenga mapaja, makalio na tumbo, siku tatu kwa wiki, mtaalamu wako atakuambia goti linabeba nini. Cheza bila viatu kila siku hata kama ni dakika kumi, ili ngozi ya nyayo iwe ngumu. Ngozi ikipasuka siku ya tatu utaanza kukanyaga kwa pembeni, na kukanyaga kwa pembeni hupanda mpaka gotini. Ukifika, kagua sakafu. Sakafu ya mbao yenye kunepa kidogo ni sawa. Zulia jembamba lililotandikwa juu ya saruji si sakafu ya kurukia, hata mwalimu awe nani.

Na daftari lako. Uliandika majina, na majina hayana mwili. Safari hii, kila jioni andika vitu vitatu tu kuhusu zoezi moja tu: mwendo ulianzia wapi, pumzi ilikuwa inaingia au inatoka, na mwalimu alikurekebisha nini. Zoezi moja kwa siku. Mwishoni utakuwa na kama kumi na tano hivi. Katika hizo chagua tatu utakazorudi nazo nyumbani, na uzifanye dakika ishirini kila asubuhi kwa angalau miezi mitatu. Warsha haikupi mbinu, mwanangu. Wiki tatu hazitoshi hata kuzoea hesabu za darasa la sakafuni. Inakupa mazoezi machache sahihi na sikio la kujua yanapokosewa, na kazi yenyewe inaanza ukisharudi. Ndiyo maana ile ya kwanza iliyeyuka: ulirudi na majina ya mazoezi hamsini na hukuwa na zoezi hata moja la kufanya Jumatatu asubuhi.

Ule mwendo wa siku ya tano acha kuutafuta kwa kuuiga. Ukiuiga utapata umbo lake tu, tumbo lililobanwa na mabega yaliyopanda. Kesho asubuhi kaa kwenye ukingo wa kiti, nyayo sakafuni, goti lisiguswe na mzunguko wowote. Toa pumzi polepole na usubiri kiuno kibinuke chenyewe chini yako kabla mgongo haujafuata. Kichwa kiwe cha mwisho, usikitangulize. Mara nane, kisha inuka uendelee na siku yako. Usipopata kitu kwa wiki mbili, endelea tu.

Ukishatoka kwa mtaalamu wa goti, niandikie alichosema kabla hujalipa.

Shangazi yako